Wiki Zitakazofuata Dripu

Tarehe imeshapangwa. Nitafika hospitali asubuhi bila kula kitu, watanichoma kanula kwenye mkono wa kushoto, watanitundikia dripu ya ketamini, dawa ya usingizi, kwa saa kadhaa kwa ajili ya maumivu ya mkono wangu wa kulia, na jioni mdogo wangu atanirudisha nyumbani Mbagala. Kesho yake tutarudia, na siku itakayofuata pia, mpaka wiki iishe. Tangu habari hizi ziwafikie ndugu na walimu wenzangu, wote wananiuliza swali moja: huogopi? Naogopa. Ila kadiri siku inavyokaribia ndivyo ninavyozidi kuona kwamba dripu yenyewe ni sehemu ndogo ya kazi iliyo mbele yangu. Kazi kubwa iko katika wiki zitakazofuata, na maandalizi yangu karibu yote nimeyaelekeza huko. Nataka kueleza kwa nini, maana nilipotafuta maelezo ya Kiswahili kuhusu tiba hii sikupata yaliyoandikwa na mgonjwa.

Kwa ambao hamjui habari za mkono wangu: niliteleza kwenye ngazi zenye maji, nikatua na kiganja cha kulia, mfupa ukavunjika juu kidogo ya kifundo cha mkono. Ni mvunjiko wa kawaida kabisa, wodi yoyote ya mifupa inao. Nikafungwa plasta ngumu, na ilipofunguliwa picha ya eksirei ilionyesha mfupa umeunga vizuri. Mkono ndio uliokataa. Ulikuwa umevimba, ngozi imekuwa nyeusi kuliko mwenzake na inang'aa, unatoka jasho peke yake wakati kiganja cha kushoto ni kikavu. Kucha zilikua haraka isivyo kawaida. Na ulikuwa unawaka. Maumivu ya kuvunjika nilishayajua, haya yalikuwa mengine: moto usiozimika, na katikati ya moto huo shoti inayotoka kifundoni hadi kwenye ncha za gumba, kidole cha shahada na kidole cha kati. Baadaye nilielezwa kwamba vidole hivyo vinahudumiwa na neva moja, ile inayopita katikati ya kifundo, na kwamba siku ya kuanguka iliumia pamoja na mfupa.

Anayekaa Dar es Salaam ataelewa ukubwa wa jambo nikisema nimelala mwezi wa pili bila feni. Upepo wa feni ukipita juu ya kiganja changu nashtuka usingizini kwa maumivu. Nyumba nzima imejifunza kuvumilia joto kwa ajili yangu. Ndani ya daladala nasimama nimegeukia dirisha na mkono umefungwa kwenye kanga, na bado nashuka machozi yananilenga, kwa sababu mtu mmoja tu amenigusa na begi lake.

Lakini lililoniumiza moyo kuliko yote ni salamu. Kwetu salamu ni mkono. Unaingia msibani, watu wamekaa kwenye mkeka kwa mstari, unapita mmoja mmoja unashika mikono, na wazee wanaushika mkono wako wanakaa nao huku wakikuuliza habari za nyumbani. Nimewahi kumpa mzee wa watu mkono wa kushoto, nikauona uso wake ukibadilika kabla sijapata nafasi ya kueleza. Siku hizi naweka mkono wa kulia kifuani ndani ya kanga na kuinama. Wanaonijua wanaelewa. Wasionijua wanadhani najisikia.

Hospitali ya kwanza niliyorudi na malalamiko haya nilielezwa kwamba mfupa umepona, kwa hiyo tatizo ni kudeka. Nilirudi nyumbani nikaanza kujiuliza kama kweli nadeka. Aliyenitoa huko ni mtaalamu wa fiziotherapia, dada mmoja mpole, ambaye bila kunigusa upande wenye maumivu alisogeza mgongo wa kiganja chake karibu na mikono yangu yote miwili, akasema, "Mwalimu, huu una joto kuliko huu." Sentensi hiyo moja ilinirudishia akili zangu. Akaniandikia barua ya kwenda kwa daktari wa usingizi anayeshughulika na maumivu sugu.

Huko ndiko nilikopata jina: CRPS, yaani ugonjwa wa maumivu makali yanayobaki kwenye kiungo baada ya jeraha. Wangu ni aina ya pili, ile ambayo kuna neva inayojulikana kuwa imeumia. Hakuna kipimo kimoja cha damu wala picha inayoithibitisha. Daktari anatazama dalili na kuziweka kwenye vigezo ambavyo wataalamu walivipanga walipokutana Budapest mwaka 2003: ngozi kuuma inapoguswa kidogo tu, tofauti ya joto na rangi, jasho na uvimbe, udhaifu na mabadiliko ya kucha au nywele. Mgonjwa anayeambiwa "vipimo vyako viko sawa" anaweza kuwa na ugonjwa huu na vipimo vikawa sawa kweli.

Tena si ugonjwa mpya. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, daktari Silas Weir Mitchell alihudumia askari walioumizwa neva na risasi, katika hospitali moja ya Philadelphia. Aliandika habari za wanaume ambao vidonda vyao vilishafunga lakini mikono iliendelea kuwaka, wakawa wanatembea na chupa ya maji na sifongo ili ngozi isikauke. Aliandika kwamba pumzi ya hewa au hatua za mtu anayepita wodini ziliwazidishia maumivu. Niliposoma hayo nilikuwa nimekaa na kanga mbichi kwenye kiganja, kama ninavyokaa jioni nyingi. Zaidi ya miaka 150 iliyopita mtu alikaa kando ya wagonjwa kama mimi, akawaamini na kuandika alichokiona. Nimeshukuru sana.

Panadoli na diklofenaki hazikufua dafu. Amitriptilini kwa dozi ndogo usiku inanipa usingizi wa saa kadhaa. Gabapentini ilipunguza shoti lakini ikaniletea kizunguzungu. Nilikuwa nasimama mbele ya kidato cha tatu nasahau sentensi niliyoianza. Fiziotherapia ndiyo inayohitajika kuliko yote, na ndiyo nisiyoweza kuifanya ipasavyo, kwa sababu mkono haukubali kuguswa. Tumezunguka hapo kwa miezi mingi: mkono unahitaji mazoezi ili upone, na maumivu hayaruhusu mazoezi. Daktari alipotaja ketamini, aliitaja kwa sababu ya fundo hilo.

Niliporudi nyumbani na jina hilo, nilimpigia kwanza shangazi yangu. Ni muuguzi mstaafu, alitumikia hospitali ya wilaya kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mkono?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ketamini naijua vizuri mno. Hiyo ndiyo tuliyofanyia akina mama upasuaji wa uzazi umeme ukiwa umekatika. Lakini si ni nusu kaputi hiyo? Mkono unapigiwa nusu kaputi ya nini?"

Swali lake ni la haki. Ketamini ilitengenezwa mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens, aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya Parke-Davis ya Detroit. Ilijaribiwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1964, kwa wafungwa wa Michigan. Sipendi kulipita jambo hilo kimyakimya: dawa nitakayotundikiwa ilipita kwanza kwenye miili ya watu ambao uhuru wao wa kukubali au kukataa unatia shaka. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1970, na tangu 1985 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Sababu ya kupendwa kwake huku kwetu ni ile aliyoitaja shangazi. Mgonjwa analala, haumwi, lakini kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe na presha yake haishuki, kwa hiyo upasuaji unawezekana hata pasipo mashine kubwa. Mwaka 2015 China ilipendekeza Umoja wa Mataifa uiweke chini ya udhibiti wa kimataifa, kwa kuwa kuna wanaoitumia kama dawa ya kulevya. Shirika la Afya Duniani likapinga, likisema udhibiti huo ungewanyima watu wa nchi maskini dawa ambayo mara nyingi ndiyo pekee waliyo nayo ya upasuaji. Pendekezo likaahirishwa. Kila mama aliyejifungulia kwenye chumba cha upasuaji cha wilayani ana sababu ya kuufurahia uamuzi huo.

Kuhusu mkono kupigiwa nusu kaputi, daktari alinielezea kwa mchoro, nami nitajaribu kwa maneno. Kwenye uti wa mgongo kuna vipokezi viitwavyo NMDA. Kwa kawaida mlango wa kila kipokezi umezibwa na chembe ya magnesiamu, na taarifa ndogondogo za maumivu haziufungui. Taarifa zikija kwa wingi na kwa muda mrefu, kizibo kinatoka, mlango unabaki wazi, na kuanzia hapo hata mguso wa kanga unasafirishwa kwenda kwenye ubongo kama maumivu. Uti wa mgongo wangu umekuwa mlinzi aliyevamiwa usiku mmoja, na tangu siku hiyo jani likidondoka anapiga filimbi. Ketamini inaingia kwenye mlango uleule na kuuziba. Kwa dozi kubwa mtu anazimika kwa ajili ya upasuaji. Kwa dozi ndogo inayoingia polepole, mgonjwa anabaki macho au anasinzia, na lengo ni kumpumzisha yule mlinzi ili akirudi kazini asishtuke kwa kila kitu.

Hapo matumaini yangu yalipanda mpaka darini. Daktari, naye anastahili shukrani kwa hili, alinishusha siku hiyohiyo. Alinionyesha utafiti uliofanyika Leiden, Uholanzi, ukachapishwa mwaka 2009. Wagonjwa 60 wa CRPS waligawanywa, nusu wakatundikiwa ketamini kwa siku nne na ushee mfululizo, nusu wakatundikiwa maji yasiyo na dawa. Wiki ya kwanza ilipoisha, waliopata dawa walikuwa wakitaja maumivu chini ya 3 kwenye kipimo cha 0 hadi 10, na wenzao zaidi ya 5. Tofauti hiyo iliendelea kuonekana kwa wiki kadhaa huku ikipungua, na ilipofika wiki ya 12 haikuwepo tena. Akaniongezea kwamba wagonjwa hao walikuwa wa aina ya kwanza na mimi ni wa aina ya pili, hivyo nisichukue namba zao kama ahadi kwangu.

Kisha akaweka kidole kwenye mstari ambao nimeubeba kichwani tangu siku hiyo. Maumivu ya wale wagonjwa yalipungua, lakini uwezo wao wa kutumia kiungo haukuongezeka.

Niliumia niliposikia hivyo. Nilitaka dawa inirudishie mkono, na hapa naambiwa kwamba watu walipata nafuu ya wiki nyingi, kisha nafuu ikaisha na mikono yao ikabaki vilevile. Nikamwuliza, sasa faida iko wapi? Akajibu, "Mwalimu, inategemea utafanya nini maumivu yakiwa yametulia. Dripu ni kazi yangu. Wiki zinazofuata ni kazi yako na ya fizio, na hizo tuzipange kabla sijakugusa."

Tangu siku hiyo nimekuwa napanga.

Nilianza na kalenda ya shule. Nimeomba dripu ifanyike shule zinapokaribia kufungwa kwa likizo ya mwezi wa sita. Kama Mungu atanijalia nafuu, wiki za kwanza zitaangukia kwenye likizo, nikiwa na muda wa mazoezi asubuhi na jioni, na wiki zitakazobaki zitaingia kwenye muhula, nikiwa mbele ya ubao ambako mkono unatakiwa kufanya kazi halisi. Mkuu wa shule amekubali vipindi vyangu vya mwanzo wa muhula visigongane na miadi ya fiziotherapia. Nilimpelekea barua ya daktari pamoja na maelezo niliyoyaandika mwenyewe, kwa sababu nimejifunza kwamba watu wanasaidia zaidi wakielewa ugonjwa wenyewe kuliko wakinionea huruma tu.

Na yule dada wa fiziotherapia ndiye nguzo ya mpango wote. Tumeanza sasa hivi, kabla ya dripu, na yale ambayo mkono unayaweza. Tunatumia kioo: nauweka mkono mgonjwa nyuma yake, natazama taswira ya mkono wa kushoto ikifungua na kufunga vidole, na ubongo unaona kana kwamba wa kulia ndio unaofanya hivyo bila maumivu. Mwanzoni nilihisi kichefuchefu, sasa nimezoea. Nyumbani nimeandaa beseni la mchele. Siku nitakapoweza nitaingiza vidole ndani yake na kuvizungusha, kwa dakika chache halafu zaidi, ili ngozi ijifunze upya kwamba kuguswa si kuumizwa. Kabla ya mchele kuna pamba, halafu kanga laini iliyofuliwa mara nyingi, halafu taulo. Mpango umebandikwa ukutani jikoni, na binti yangu ndiye msimamizi. Anaufuatilia kwa ukali wa mwalimu wa zamu.

Tumekubaliana pia kwamba namba za 0 hadi 10 peke yake hazitoshi kupima kama tiba imefaa. Nitaziandika kila jioni kwenye daftari, lakini pembeni yake nitaandika mkono umefanya nini. Nataka kushika chaki na kuandika tarehe ubaoni. Nataka kukaa kwenye mbuzi nikakuna nazi, hata nusu tu, kwa sababu kazi ile inataka kifundo kizunguke na vidole vibane. Nataka kufunga kishikizo cha shati bila kumwita mtu. Na nataka, nikienda kwenye msiba au harusi, nimpe mtu mkono wa kulia. Nikiandika "maumivu 6" siku ambayo nimeandika tarehe ubaoni, hiyo nitaihesabu kuwa siku njema kuliko siku ya "maumivu 3" niliyoipitisha nimelala.

Sasa nieleze dripu yenyewe, kwa ajili ya yeyote atakayepelekwa huko.

Vipimo vilikuja kwanza: presha, kipimo cha umeme wa moyo, damu kwa ajili ya ini na figo, kipimo cha ujauzito. Ketamini hupandisha presha na mapigo ya moyo, kwa hiyo presha iliyo juu lazima idhibitiwe kwanza. Yangu ilikutwa juu kidogo, nikaanzishiwa dawa na tarehe ikasogezwa mbele. Niliumia kusubiri lakini nilielewa. Daktari aliniuliza waziwazi kama mimi au ndugu wa damu tumewahi kuugua magonjwa ya akili, kuona au kusikia visivyokuwepo. Msikasirike mkiulizwa hivyo, na msifiche, maana dawa hii inaweza kumvuruga mtu mwenye historia hiyo. Aliniuliza pia kila ninachotumia, na nikataja vyote, ikiwa ni pamoja na unga wa mlonge na mafuta ambayo mama mkwe aliniletea kutoka Tanga kwa upendo wake. Gabapentini na amitriptilini naendelea nazo kama kawaida. Amenionya nisiache dawa yoyote ghafla kwa kudhani nimepata nyingine bora.

Siku ya dripu sitakula chakula kwa saa walizonipangia, maji kidogo tu hadi muda watakaosema. Kidoleni nitawekewa kipima oksijeni, moyo utafuatiliwa kwenye mashine, na presha itapimwa mara kwa mara. Hapa kuna jambo dogo ambalo kwa mgonjwa wa mkono si dogo: presha isipimwe kwenye mkono mgonjwa, wala sindano isichomwe huko. Zamu za wauguzi hubadilika, na mimi huenda nitakuwa sijiwezi kusema. Nimeandika kwa kalamu nene kwenye karatasi, MKONO WA KULIA USIGUSWE, itabandikwa juu ya kitanda, na mdogo wangu ameahidi kusimama upande huo.

Kinachowatisha wengi ni akili. Dawa ikianza kufanya kazi, mtu anaweza kuhisi anaelea, mwili uko mbali naye, sauti zinatoka chumba kingine, muda umesimama. Wengine huona vitu, wengine hulia, wengine hupata kichefuchefu au macho yanaona viwili viwili. Shangazi amewaona wagonjwa wakiamka wakiimba, na wengine wakiita majina ya marehemu wao. Kwa dozi ndogo mambo huwa mepesi kuliko hayo na huisha muda mfupi baada ya dripu kufungwa, na wanayo midazolamu ya kumtuliza mtu akizidiwa. Lakini shangazi ameniambia neno ambalo nalishika: kinachomsaidia mgonjwa wa ketamini ni chumba kitulivu na mtu mmoja anayemfahamu. Kwa hiyo wageni nimewaomba wasije siku hizo. Waje nyumbani baadaye, nitafurahi.

Nilifikiria kusikiliza sauti ya marehemu baba. Ninayo kwenye simu, anasoma Kurani jioni moja ya Ramadhani, kuku wanasikika uani. Daktari aliposikia akanishauri nichague kitu kisicho na uzito mkubwa hivyo kwa mara ya kwanza, kwa sababu haijulikani hisia zitaelekea wapi. Nimechagua taarabu asilia ya ala tupu, udi na fidla. Sauti ya baba itasubiri.

Baada ya dripu, kwa siku nzima hakuna kuendesha chombo cha moto, kusaini mkataba, kubeba mtoto mchanga wala kushika jiko peke yako. Mdogo wangu atalala kwetu wiki hiyo.

Nina neno kwa anayeweza kushawishika. Nimekutana na vijana wanaozungumzia ketamini kama starehe, na nimekutana na mgonjwa mwenzangu aliyetaka kujua kama inaweza kupatikana "kwa njia nyingine" kwa sababu ya gharama. Ndugu yangu, usifanye hivyo. Anayeitumia mara kwa mara bila uangalizi anaweza kuharibu kibofu cha mkojo kiasi cha kukojoa damu, na ini linaweza kuumia. Ukiwa peke yako chumbani huna mashine ya moyo wala mtu wa kukugeuza ukitapika.

Gharama zinaumiza, sitaficha. Bima yangu imekataa kulipia, kwa maelezo kwamba ketamini imesajiliwa kwa ajili ya upasuaji na mimi sifanyiwi upasuaji. Dawa yenyewe ni ya bei nafuu. Kinachogharimu ni kitanda, mashine na saa za daktari anayekaa karibu nawe. Nimechukua mkopo kwenye kikoba chetu cha walimu, na wenzangu wamenipa bila maswali mengi. Lakini nawafikiria wasio na kikoba, na wale walio mbali na miji mikubwa, maana wataalamu wa maumivu ni wachache na wengi wako mijini. Kuna mkulima mahali fulani mkono wake unawaka hivi sasa, ameambiwa mfupa umepona, na kijijini wameshaanza kunong'ona kwamba ametupiwa kitu. Chupa ya ketamini iko kwenye kabati la chumba cha upasuaji cha wilaya yake. Anachokosa ni mtu wa kumwamini, na mtu wa fiziotherapia wa kumfuatilia kwa miezi mitatu. Naamini hilo linawezekana kupangwa, na nitaendelea kulisema kila nitakapopata nafasi.

Watu wa kwetu wananiombea, na maombi hayo nayapokea kwa mikono miwili. Nimewaomba kitu kimoja tu: wasiniulize siku ya pili kama nimepona. Wakitaka kuuliza, waulize kama nimefanya mazoezi. Swali hilo litanisaidia hata siku ambazo jibu la lile lingine ni hapana.

Jambo la mwisho tulilolizungumza na daktari ni lini tuache. Nilitaka tulipange sasa nikiwa na akili tulivu, kwa sababu najua maumivu yakirudi nitakuwa tayari kukopa popote ili nitundikiwe tena. Tumekubaliana kwamba wiki ya 12 tutakaa, mimi, yeye na dada wa fiziotherapia, tulifungue daftari. Ikiwa mkono umeanza kufanya hata mambo mawili kati ya yale niliyoyaandika, tutajadili awamu nyingine. Ikiwa maumivu yalipungua lakini mkono haujasogea, hatutarudia ketamini; tutaangalia kama dripu ya lidokaini, ile ya ganzi, inafaa kwa moyo wangu. Na ikiwa hakuna kilichobadilika kabisa, nitarudi kwenye kioo na beseni la mchele pamoja na dawa ninazotumia sasa. Ameyaandika yote hayo kwenye faili langu, akaniomba niweke sahihi chini yake, nami nimeiweka kwa mkono wa kushoto.